Kesi ya Maji Meupe

Wauza unga wa maji mmewasikia wenyewe. Soko la Kamituga, mji wetu wa dhahabu hapa Kivu Kusini, likishachangamka, kipaza sauti kinaanza, na mezani zinapangwa chupa mbili. Moja ina maji ya mtoni, rangi ya chai ya maziwa. Ya pili ina maji yaleyale, dakika ishirini baada ya kutiwa unga mweupe kidogo: tope limelala chini, juu pameng'aa. Watu wanasogea, wanaguna, wanatoa pesa. Maonyesho hayo ni ya kweli, hayana mazingaombwe, na anayesema unga haufanyi kazi hajautazama. Ninachokipinga ni hotuba inayofuata baada ya chupa. Ninyi wasomaji ni mahakimu, na upande wao mmeusikia mara nyingi kuliko mlivyoomba. Sasa sikilizeni majibu.

Dai lililobeba mengine yote ni hili: maji yakishakuwa meupe yamekuwa salama, na mwenye macho hahitaji maabara. Halikuzuka hewani. Tope ni makazi ya vijidudu, na unga unapolizamisha tope huvizamisha pia vijidudu vingi, mara nyingi tisa katika kila kumi au zaidi. Kwa hiyo maji ya juu ya chupa ya pili ni afadhali kweli kuliko ya chupa ya kwanza. Kosa liko katika kuruka kutoka "afadhali" hadi "salama". Chukueni maji yenye vijidudu milioni moja, ondoeni tisa katika kila kumi: wamebaki elfu mia moja, na jicho halimwoni hata mmoja. Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa maikromita moja hadi tatu, yaani mamia kadhaa yao wakipangwa mstari mmoja ndipo wanafikia milimita moja. Shahidi wa macho anayeitwa na upande wa pili hakuwahi kufika mahali pa tukio.

Ushahidi mwingine hauko mbali. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, na wengi wao walichota Ziwa Kivu, ziwa ambalo maji yake hayana tope la kuzungumzia. Ndani ya mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Kama weupe ungekuwa cheti cha afya, Goma ingekuwa mahali salama kuliko pote Kivu. Hata wafuga samaki wa urembo wanalijua jambo hili. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika hufugwa Ulaya katika masanduku ya vioo, na mfugaji akiona maji yamekuwa manjano hutia kaboni maalumu, maji yakawa meupe kama hayapo. Kisha samaki wanaweza kufa ndani ya maji hayo meupe kwa amonia, kwa sababu amonia haina rangi na kaboni ile haiiondoi.

Wakibanwa hapo, wanakimbilia dai la pili: unga si wa kuondoa tope tu, ni dawa, unaua. Unga wenyewe ni shabu, au salfeti ya alumini, ndugu yake wa viwandani. Kazi yake inajulikana. Chembe za udongo mwembamba zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana maji ya mtoni yanaweza kukaa ndani ya bidoni usiku kucha na asubuhi bado ni machafu. Alumini inafuta chaji hiyo, chembe zinashikana, zinakuwa mabonge laini kama ute wa yai, na uzito unayashusha. Hapo hakuna aliyeuawa. Vijidudu vimefungwa ndani ya mabonge na kulazwa chini vikiwa hai. Na wauzaji wanalijua, kwa sababu sikilizeni maelekezo yao wenyewe: mimina polepole, usikoroge, usinywe ya chini. Kama unga umeua, cha chini kinaogopwa kwa nini?

Kisha wanaleta shahidi mkubwa: "Hata REGIDESO hutia kitu hikihiki." Kweli, mitambo ya maji duniani kote hutia salfeti ya alumini, na REGIDESO, shirika la maji la serikali, haina upekee. Lakini mtambo wa maji hauishii hapo. Baada ya kutuliza tope, maji hupitishwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini kabla ya kuingia kwenye bomba. Muuzaji amenukuu sentensi ya kwanza ya shahidi wake na kufunga kitabu. Tena mtambo hupima: maji ya leo yana tope kiasi gani, uchachu wake ukoje, basi dozi iwe ngapi. Sokoni kuna kijiko kimoja kwa maji ya Julai na kijiko kilekile kwa maji ya Novemba baada ya mvua ya usiku mzima. Unga ukipungua, tope halishuki. Ukizidi, maji yanakuwa makali mdomoni, alumini inabaki ndani, na wakati mwingine tope linagoma kushuka, kwa sababu chembe zimegeuzwa chaji na zimeanza tena kusukumana. Mteja anayeongeza kijiko cha tatu kwa hasira ndiye anayejiharibia.

Kuna tawi la pili la hoja hii, lenye sauti ya upole zaidi: achana na unga wa dukani, tumia mbegu za mlonge, ni mti wa Mungu, hauna kemikali. Nauheshimu mlonge. Wanawake wa Sudan wamesafisha maji ya Nile kwa mbegu hizo tangu zamani, na Samia Al Azharia Jahn alizifanyia utafiti mrefu huko na kuujulisha ulimwengu. Mbegu zilizomenywa na kusagwa zina protini yenye chaji chanya, nayo inafanya kazi ileile ya alumini. Ila mbegu ni chakula. Mabaki yake yanabaki ndani ya maji, na vijidudu walionusurika wanakula. Ndiyo maana maji ya mlonge hunywewa siku hiyohiyo, kwani baada ya saa 24 idadi ya vijidudu huanza kupanda tena. Kuhusu kukosa kemikali, protini ile ni kemikali, na maji yenyewe pia ni kemikali. Tuendelee.

Sasa klorini, maana hapa ndipo upande wa pili unapojikanyaga miguu. Siku moja, mdomo mmoja, wanasema mambo mawili. La kwanza: klorini ni sumu kali, inaua kizazi, inafunga mji wa mimba, inadhoofisha wanaume. La pili: klorini ni dhaifu, haifui dafu mbele ya tope la Kamituga, umetia na mtoto bado ameharisha. Mahakimu, chagueni moja. Kitu hakiwezi kushindwa na amiba wa mtoni kisha kikamshinda mwanamume mzima.

Tuanze na ukali. Kipindupindu kinapoingia, huwa tunawaona wajitolea kando ya sehemu za kuchotea, bomba la sindano mkononi, wakitia maji ya klorini ndani ya kila bidoni. Tupige hesabu pamoja. Mililita tano za klorini ya asilimia moja ndani ya lita 20 ni miligramu 2.5 kwa kila lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa maisha yote ni miligramu 5 kwa lita. Baada ya nusu saa sehemu kubwa ya dozi hiyo imekwisha kazi, na kinachotakiwa kibaki ni kama nusu miligramu. Middelkerke, mji wa pwani ya Ubelgiji, ulianza kutia klorini katika maji yake ya bomba mwaka 1902, miaka sita kabla Ubelgiji haijaichukua Kongo mikononi mwa mfalme wake Leopold. Jersey City kule Marekani ilifuata mwaka 1908. Vizazi vimezaliwa, vimezaa, vimezeeka. Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Bukavu inakunywa maji ya bomba yenye klorini, na anayedhani watu wa Bukavu wameacha kuzaa apite Kadutu asubuhi wanafunzi wakitoka.

Udhaifu je? Hapo wana nusu ya hoja, na nusu hiyo nawapa bila kinyongo. Klorini haichagui. Inachoma kijidudu, na inachoma pia majani yaliyooza, chuma na uchafu wote uliomo ndani ya tope. Ikiisha njiani, kijidudu kilichojificha ndani ya bonge la udongo kinabaki salama salimini. Kwa sababu hiyo maji yenye tope hupewa dozi mara mbili, na hata hivyo matokeo hayana uhakika. Lakini kutokana na ukweli huo inafuata nini? Inafuata kwamba tope liondolewe kwanza, kisha ndipo klorini iingie. Unga wao unafanya vizuri kabisa hatua ya kwanza. Hoja yao wenyewe inaiita klorini kwa jina, na wao wanaifukuza mlangoni. Kule Middelkerke walitia kitu cha kushusha tope na kitu cha kuua kwa pamoja. Kipakiti kidogo cha gramu nne kinachogawiwa wakati wa mlipuko, cha kusafisha lita kumi, kina chuma cha kushusha tope na klorini ya kuua, vyote ndani ya unga mmoja: koroga dakika tano, acha tope litulie, chuja kwa kitambaa, subiri dakika ishirini. Miaka zaidi ya mia imepita na wazo ni lilelile.

Kuna kioja wanachopenda kukionyesha. Wanachota maji meupe ya chemchemi fulani, wanatia matone ya javeli, yaani klorini ya dukani, na baada ya muda maji yanageuka mekundu kama kutu. "Mmeona? Klorini imeyaozesha." Walichoonyesha ni chuma. Maji yatokayo chini ya ardhi huweza kubeba chuma kilichoyeyuka, kisicho na rangi. Kikikutana na hewa, au klorini iliyo na haraka zaidi kuliko hewa, kinageuka kutu na kuonekana. Maji hayohayo yangekuwa mekundu yenyewe kesho yake. Mama yeyote mwenye beseni jeupe anaijua ile pete ya hudhurungi inayobaki ukingoni. Chuma hicho kinaharibu ladha na nguo kabla hakijamdhuru mtu. Kwa hiyo shahidi waliyemleta anasema kinyume cha walichotaka: maji mekundu yanaweza kuwa na ubaya mdogo kuliko meupe ya chupa yao. Ila onyo moja, maana haki ni haki: javeli yenye manukato au sabuni ni ya sakafu, isiguse maji ya kunywa.

Kitambaa na makala, yaani makaa, nitavipitia upesi. Wanasema kitenge kilichokunjwa kinatosha kuzuia kipindupindu. Yupo mtu wa kuwaunga mkono: Rita Colwell na wenzake, katika utafiti wa Matlab, Bangladesh, uliotolewa mwaka 2003, walikuta kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Ni mafanikio makubwa kwa kitambaa cha bure. Sababu ni kwamba kule vijidudu hujishikiza kwenye wadudu wadogo wa majini ambao kitambaa kinaweza kuwanasa. Lakini asilimia 48 ni chini ya nusu. Mwenye kuisoma kama mia hakusoma.

Makala nayo wanasema yananyonya kila kitu. Ile kaboni ya viwandani hunyonya mengi, kwa kuwa gramu moja yake ina matundu ambayo nyuso zake zikikunjuliwa zinaweza kufika mita za mraba elfu moja. Makala ya kupikia sombe hayakutengenezwa hivyo. Kibaya zaidi ni mpangilio: nimeona watu wanatia klorini kwanza kisha wanapitisha maji kwenye makala "ili kuondoa harufu". Wameondoa harufu pamoja na mlinzi. Kaboni huila klorini, kisha yenyewe inageuka kitanda cha vijidudu.

Wapinzani wangu wenye akili zaidi hawauzi chochote. Wanasema: chemsha, mambo yamekwisha. Hao siwezi kuwapinga kwa vijidudu. Kamituga iko juu kiasi kwamba maji huchemka kabla ya digrii 100, na bado joto hilo linatosha. Yakitokota kwelikweli, hata yakiwa na tope, vijidudu vimekwisha. Ila maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote baada ya kupoa, na kikombe kimoja kichafu kinarudisha kila kitu. Kuna pia bei ya makala ya kuchemshia maji ya nyumba ya watu tisa. Na moto haushughuliki hata kidogo na jambo ninalofikia sasa.

Dai lao zito kuliko yote, linalosemwa kwa sauti ya chini kidogo, ni kwamba unga unaondoa "sumu ya mgodi". Hapa inabidi kwenda taratibu. Kamituga imeosha dhahabu katika mito yake tangu enzi za MGL, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1923, ikaja Sominki mwaka 1976, na baada ya Sominki wakabaki wachimbaji wenyewe na mashine zao za kusaga mawe, na akina mama twangaises wanaotwanga kwa mikono. Dhahabu nyembamba hukamatwa kwa zebaki, na sehemu ya zebaki huondoka na mchanga. Zebaki hupenda kung'ang'ania udongo mwembamba. Kwa hiyo wauzaji wakisema tope likishuka zebaki nyingi inashuka nalo, hawakusema uongo. Ni hoja yao bora kabisa, na kama wangeishia hapo ningekaa kimya.

Hawaishii hapo. Kwanza, kama zebaki imeshuka, basi iko chini ya bidoni, imekusanyika. Wanamwambia mama akamwage wapi? Nimewasikia: bustanini, "kuna rutuba". Palepale anapopanda lengalenga na watoto wanapocheza. Dai moja linasema tope lina sumu, lingine linasema tope ni mbolea, na yote mawili yanatoka kwenye kipaza sauti kimoja. Pili, si kila kitu kimeng'ang'ania udongo. Siku hizi mabaki ya mchanga yanachukuliwa na kutiwa saianidi ndani ya mabeseni, ili kutoa dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Saianidi inapokutana na mchanga uliobaki na zebaki, inaiyeyusha pia, nayo inasafiri na maji badala ya udongo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, umeutaja utaratibu huo waziwazi katika orodha fupi ya vitendo vinne vya uchimbaji mdogo ambavyo nchi hutakiwa kuchukua hatua ya kuvikomesha. Zebaki iliyoyeyuka hivyo haina tope la kushuka nalo. Haiuliwi na klorini kwa sababu haiko hai. Haiondoki kwa kuchemsha, na maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki katika maji ya kunywa ni sehemu sita tu kati ya milioni moja za gramu kwa lita. Leteni chupa zenu mbili mezani, mkanionyeshe kiasi hicho kwa macho.

Wanaongeza kwamba mto unajisafisha ukienda. Kama unajisafisha, unga ni wa nini? Mto unachofanya ni kuhamisha. Maji ya Kamituga hushukia Elila, na Elila huingia Lualaba. Njiani tope linalala kwenye kona tulivu, vijidudu vya matope vinaigeuza zebaki kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki, na samaki mkubwa anayemla mdogo anakusanya ya wote. Jirani wa chini ya mto hakusafishiwa kitu.

Lililobaki ni dai ambalo hata wasio wauzaji wanalipenda, kwa sababu halimgharimu mkubwa yeyote: kila mama asafishe maji yake nyumbani. Tope na vijidudu, ndiyo, hilo analiweza: atulize, amimine, achuje, atie klorini, asubiri nusu saa, afunike. Maji ya kunywa ayatoe kwenye chemchemi iliyojengewa na kufanyiwa salongo, usafi wa pamoja, juu ya mashimo ya wachimbaji, au kwenye bati baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Saianidi haiwezi, na hakuna kijiko kitakachoiweza. Anayeiweza ni mwenye beseni, kabla hajaifungulia kuelekea mtoni: kwa kuitoa zebaki mchangani kwanza, kwa kuziba sakafu ya beseni, kwa kulichimba mbali na maji. Huyo hana meza sokoni, na hotuba yote ya unga haikumtaja hata mara moja.